Kifuniko Kilichokohoa

Ipo siku moja ya kiangazi ambayo kila nikiikumbuka, mwanangu, mikono yangu hutafuta mahali pa kujificha. Nilikuwa nimesimama kando ya kisima huko Nkololo, yapata saa tano asubuhi. Mbele yangu mapacha wawili wa miaka minne, Kulwa na Doto, walikuwa wamekaa juu ya kifuniko cha kisima hicho, wakila viazi vitamu na kupigapiga visigino vyao kwenye ukingo kama wapiga ngoma. Kifuniko kilikuwa cheusi, laini, kinang'aa kuliko kitu chochote katika uwanja ule. Nilikitengeneza mimi. Na ni mimi peke yangu niliyejua kwamba kina ufa.

Kabla sijafika huko, niungame. Nina miaka ishirini na tisa. Nasaha kwa desturi hutoka kwa wenye mvi, na mimi mvi ninayo moja tu, tena dada yangu anasema ni vumbi la pamba. Lakini kwetu Wasukuma mtoto wa dada yangu ni mwanangu bila mjadala, na watoto wa dada zangu wameanza kuja karakanani kwangu Bariadi kuniuliza maswali. Wewe unayesoma nakuweka humo humo. Kama umenizidi umri, nisamehe, sikiliza tu kama mtu anayesikia maneno ya jirani kupitia ukuta.

Jambo la pili la kuungama ni kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango narudi kuusukuma. Nikishausukuma naondoka, halafu narudi tena kuona kama kule kuusukuma hakukuulegeza. Mama yangu husema nilizaliwa nikiangalia nyuma kuona kama kuna kitu nimesahau. Na kazi yangu yenyewe sikufundishwa na mtu. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo hayakunipeleka mbali, nikarudi kwenye shamba letu la pamba. Pale tulikuwa tunakaa siku nzima tukichambua vipande vya plastiki vilivyopeperushwa na upepo vikanasa kwenye pamba, maana mnunuzi akiviona hukunja uso. Siku moja nikajiuliza, hivi vipande tunavyovitupa vinakwenda wapi? Vinarudi. Upepo huo huo unavirudisha.

Ndipo nikaanza kuangalia video kwenye simu, za watu wa nchi za mbali wanaosema lugha nisizozijua. Nilikuwa siwasikilizi, naangalia mikono yao. Nikaandika kwenye daftari: wanakata, wanayeyusha, wanamimina mchanga, wanakoroga, wanashindilia kwenye kalibu yenye umbo wanalolitaka, wanapoza kwa maji. Basi nikachukua madumu yaliyopasuka, ndoo zisizo na matako, vizibo na viti vilivyovunjika miguu. Nikapata pipa la chuma, nikalikata. Kuni zangu zilikuwa miti ya pamba iliyong'olewa baada ya mavuno. Mara ya kwanza nilipata kitu kinachonuka na kupinda kama sikio la mbwa. Mara ya kumi nilipata kigae cha kukanyagia ambacho kaka yangu Masanja alikipitia juu na pikipiki yake kisivunjike. Nililia siku hiyo, kwa furaha, halafu nikaanza kuogopa kwamba cha kesho hakitakuwa hivyo.

Nikueleze kazi yenyewe kwa ufupi, maana ndani yake ndimo nilimoangukia. Mchanga ndio mwili. Plastiki iliyoyeyuka ndiyo gundi. Mchanga peke yake hausimami, plastiki peke yake inapinda juani na kunyauka. Ukivichanganya sawasawa, kila punje ikavikwa gundi na kugusana na mwenzake, unapata kitu kigumu kuliko vyote viwili. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini wahenga hawakueleza, labda kwa sababu hawakuulizwa, kwamba vidole vyote vikiwa sawa kwa urefu mkono haushiki jembe.

Watu wakaanza kununua kwangu. Vigae vyangu vilikuwa imara, ila vilikwaruza. Siku moja baada ya ibada mama mmoja alipitisha kiganja juu ya kigae changu, akasema vizuri kabisa, bila ubaya wowote, "Vingekuwa laini kama vya dukani, vingependeza." Akaenda zake. Nadhani kabla hajafika nyumbani alikuwa ameshalisahau neno hilo. Mimi niliondoka nalo. Nilikula nalo, nilifua nalo nguo. Mtu wa aina yangu, mwanangu, akisifiwa na watu ishirini na mmoja akaguna, wale ishirini huyeyuka kama barafu ya kwenye kikombe, mguno ukabaki.

Wakati huo ndipo Bibi Holo aliponiagiza kifuniko. Bibi Holo ni mfinyanzi wa Nkololo, mama mzazi wa rafiki wa mama yangu, na kwa hiyo ni bibi yangu kwa utani wote unaoruhusiwa. Tangu nikiwa mdogo aliniita mke mwenzake. Kisima kilichoko uani kwake huchotwa maji na nyumba zaidi ya kumi, na mwaka huo mbuzi alikuwa ametumbukia humo. Mjukuu wake alikuwa anaoa, wageni wangejaa na watoto wao, na bibi alisema hataki harusi igeuke msiba. Akataka kifuniko kizito, chenye mlango mdogo wa kupitishia ndoo, ambacho hata watoto wakikikalia awe na amani.

Nikataka kiwe kizuri kuliko vyote. Sikuridhika na mchanga wa mto kama unavyokuja, na punje zake kubwa na ndogo. Niliuanika, nikauchekecha kwa chekeche la kawaida, nikaona bado. Nikauchekecha kwa chandarua. Nikaona bado. Mwisho nikatumia kipande cha pazia la mama, ambacho hadi leo hajui kilikokwenda, nikabaki na vumbi laini kama unga wa muhogo. Punje nzima nzima nilizimwaga nje ya uzio. Nilijiona nimevumbua kitu.

Sasa sikiliza kosa. Chukua punje moja ya mahindi uipake mafuta. Tone moja linatosha. Halafu isage ile punje iwe unga, ujaribu kuupaka unga wote mafuta kwa tone lile lile. Hayatoshi hata nusu. Vumbi langu lilikunywa plastiki yote ndani ya pipa na bado likawa na kiu. Mkorogo ukawa mkavu, unamomonyoka kama ugali uliokosa maji. Niliona kwa macho yangu. Mwiko ulinieleza, mikono ilinieleza. Lakini nilikuwa nimeahidi siku, na uso wake ulivyokuwa laini kwenye kalibu ulinipumbaza, nikashindilia kwa nguvu zaidi, nikasema moyoni kwamba nguvu itafanya kazi ya gundi.

Kilipopoa na kutoka, mwanangu, kilikuwa kizuri hadi nikaogopa kukigusa. Siku ya tatu nikauona ufa. Mwembamba kama unywele, mrefu kama kidole cha kati, karibu na ukingo.

Ningekuwa mtu mwingine ningekiweka chini nikakikanyaga. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yangu tangu kigae cha kwanza, kukanyaga kabla ya kutoa. Safari hii sikukanyaga. Niliogopa kitavunjika, na kikivunjika nitakuwa nimeshindwa. Kisipokanyagwa, bado ni kizuri. Angalia jinsi akili yenye hofu inavyohesabu. Nikajisomea methali, usipoziba ufa utajenga ukuta, nikayeyusha kizibo kimoja cheusi, nikaupaka ufa kwa mwiko wa moto, nikausugua mpaka haukuonekana tena. Methali inasema ziba. Mimi nilipaka. Baadaye nilielewa kwamba hizo ni kazi mbili tofauti.

Masanja akaja na guta lake la magurudumu matatu, akakibeba yeye na jirani. Aliponiuliza kama nimekijaribu, nilimjibu kwamba kimekaa siku tatu. Ni kweli, kilikaa siku tatu. Uongo mbaya kuliko wote ni ule ambao kila neno lake ni la kweli.

Wiki iliyofuata sikuwa mtu. Nilimpigia Bibi Holo simu kila asubuhi. Nilianza kwa kuuliza hali yake, nikauliza ng'ombe, nikauliza maandalizi ya harusi, halafu kama mtu aliyekumbuka ghafla, nikauliza, na kifuniko kinaendeleaje? Siku ya kwanza alisema kipo. Siku ya pili alisema kipo. Siku ya tatu akasema, "Kimekula, kimeshiba, kinakusalimia." Nikacheka pamoja naye, halafu nikakata simu na kukaa chini.

Alhamisi asubuhi, harusi ikiwa imebakiza siku mbili, Masanja alipita karakanani akitokea Nkololo alikopeleka magunia ya mchele ya sherehe. Alikuwa na furaha. Alinieleza kwamba kazi yangu imekuwa gumzo, kwamba wanawake wanaokuja kuteka maji wanajitazama humo kama kwenye kioo, na kwamba wale mapacha wa bibi wamekigeuza jukwaa. "Jana wamecheza juu yake mpaka kanga za watu zikadondoka kwa kicheko," alisema. "Umetengeneza kifuniko au ukumbi?"

Yeye alikuwa anasifu. Mimi nikatupa mwiko chini. Nikamwambia anipeleke Nkololo sasa hivi. Akaniangalia, akaona kitu usoni, akawasha pikipiki. Nikapanda nyuma yake.

Njia nzima, kati ya mashamba ya pamba yaliyokwisha vunwa na ardhi nyeusi iliyopasuka kwa kiangazi, nilikuwa natunga maneno. Ardhi ile yote ilikuwa na nyufa, mwanangu, kila nilipotazama ni nyufa, na mimi natunga uongo. Nitasema nimekuja kukisafisha. Nitasema nimetengeneza kingine kizuri zaidi, nataka kubadilisha. Nitasema rangi yake haijakaa sawa. Nilikuwa na sababu nane tayari tulipofika, na hakuna hata moja iliyokuwa na neno ufa ndani yake.

Basi ndipo nikasimama pale nilipoanzia simulizi, nikiwatazama Kulwa na Doto na viazi vyao. Bibi Holo alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na vyungu vyake vibichi, anavunjavunja mtungi wa zamani kwa jiwe.

"Mwangaluka, mke mwenzangu," alisema. "Umekuja kunitazama mimi au kumtazama mgonjwa wako?"

Nikaitikia salamu. Nikasema nimekuja kuking'arisha kidogo kabla ya wageni.

"Kikizidi hapo si tutapofuka," akasema, akaendelea kuvunja.

Niliwaomba watoto waniletee maji ya kunywa. Wakashuka mbio, nikapumua. Wakaleta kikombe, nikanywa, nao wakapanda tena. Nikawaomba waniletee kiti. Wakashuka, wakaleta, wakapanda tena, safari hii wakiruka. Bibi alinitazama kwa jicho la pembeni. Akanisogezea mchi na jiwe pana lenye shimo la kutwangia, akanimiminia vigae vya ule mtungi aliokuwa anauvunja, akaniambia nikiwa nimekosa kazi nimsaidie kutwanga.

Nikatwanga. Mikono ilishukuru kupata kitu cha kufanya. Nikatwanga kama ninavyofanya kila kitu, mpaka mwisho, mpaka hakuna punje, macho yangu yakiwa kisimani. Sikumwona alipoinama kuangalia.

"Simama," alisema. "Unatwanga nini hapo?"

"Vigae, bibi."

"Hivi si vigae tena. Huu ni unga. Unataka nikupikie uji?"

Akauchota kwa vidole, akaupuliza, ukaruka wote. Kisha akanieleza, polepole, bila kunitazama, huku akichagua vigae vingine. Alisema udongo mbichi peke yake ni mwoga. Ukikauka hujikunja, ukiona moto hupasuka. Ndiyo maana mfinyanzi huuchanganya na vigae vya chungu kilichokwisha pita motoni, kwa sababu hicho kimeshaunguzwa mara moja na hakishtuki tena. Kikikaa ndani ya udongo mbichi humshika mwenzake mkono. Lakini lazima kiwe na punje. Zingine kama mtama, zingine kama uwele, na vumbi kidogo la kuziba mapengo. Ukikisaga chote kikawa vumbi, hakishiki mtu mkono tena, kinakuwa mdomo mwingine tu wa kunywa maji. Chungu chake kitatoka laini kama shavu la bibi arusi, alisema, na kitapasuka siku ya kwanza jikoni.

Hakuwa ananisema mimi. Naapa hakuwa anajua lolote. Alikuwa anamfundisha mjukuu kutwanga. Lakini nilimwona amesimama ndani ya karakana yangu, ameshika lile pazia la mama.

Nikaweka mchi chini. "Bibi," nikasema, na zile sababu nane zote zikanikimbia, "kifuniko kina ufa. Niliupaka."

Bibi aliacha kuchagua vigae. Aliwageukia mapacha, akawaita kwa Kisukuma, maneno mawili tu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Wakashuka bila kuuliza wakaja wakasimama nyuma ya kigoda. Masanja alikuwa ameegemea pikipiki yake. Nikamwona ananitazama, halafu anatazama chini.

Bibi akanyanyuka, akaenda kisimani, akakunja kidole akakigonga kifuniko, kama anavyogonga vyungu vyake kabla ya kuvipeleka sokoni. Ukingo wa upande mmoja ulitoa mlio wa wazi. Akazunguka, akagonga upande wa pili. Ukatoka mlio mfupi, mzito, uliokatika.

"Kinakohoa," alisema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na ningeyapokea kwa shukrani. Aliposema tena sauti ilikuwa ya chini.

"Kila chungu kinachoingia nyumba hii nakigonga. Hata cha mama yangu mzazi nilikigonga. Hiki sikukigonga. Unajua kwa nini? Kilikuwa kizuri mno. Niliona aibu kukitilia shaka. Uzuri wako umenifunga masikio, mke mwenzangu, na hawa wawili wamecheza juu yake siku sita."

Hilo ndilo lililonichoma. Nilidhani nilikuwa nimeficha ufa. Nilikuwa nimemnyang'anya mzee masikio yake.

Akamwamuru Masanja na mimi tukiondoe. Tukakiinua, tukakilaza juu ya mawe mawili uwanjani, kila upande jiwe moja. Wanawake watatu waliokuja kuteka maji wakasimama kutazama. Bibi akaagiza ndoo mbili za lita ishirini, zimejaa. Akaiweka ya kwanza katikati ya kifuniko, kwa mikono yake mwenyewe, akikataa kusaidiwa.

"Huyu ni Kulwa," alisema.

Kifuniko kilikaa kimya. Nilianza kuomba. Sehemu yangu moja, niseme ukweli kwa sababu niliahidi kuungama, iliomba kisivunjike ili nisionekane mkosaji. Hata saa ile.

Akaweka ndoo ya pili. "Na huyu ni Doto."

Hakikuvunjika mara moja. Kulikuwa na sauti kama ya mtu anayekata muwa, ukaonekana ule ufa niliouficha, sasa umetoka ukingoni ukatembea hadi katikati, halafu kifuniko kikakatika vipande viwili na maji yote, lita arobaini, yakatumwagikia miguuni. Mwanamke mmoja aliweka mkono mdomoni. Kulwa akacheka, maana kwake ulikuwa mchezo tu, na Doto akauliza kama watarudia.

Nilisema sielewi kwa nini hakikuvunjika wakati walipokuwa wanacheza. Bibi Holo akaniambia hata yeye haelewi. "Mshukuru Mungu," alisema, "halafu usimtegemee kwa kazi yako tena."

Nikasema nitarudi Bariadi sasa hivi, nitengeneze kingine, nikilete kabla ya Jumamosi. Nilikuwa nimeshageuka. Akanishika kanga. Akasema haraka yangu ndiyo iliyotufikisha hapo na hataki kuiona tena uani kwake. Kisha akamtuma Masanja aung'oe mlango wa nyumba yake. Mlango wa mbao, mzito, wa siku nyingi. Akaulaza juu ya kisima, akaweka mawe makubwa pembe zote, akaugonga, akasema huu unasema ukweli. Mlangoni pa nyumba akatundika kitenge.

Alinitaka niwepo harusini. Ningelipa chochote nisiwepo. Wageni walipofika, kila mmoja alishangaa nyumba ya bwana harusi kuwa na kitenge badala ya mlango. Na kila mmoja bibi alimjibu vile vile, "Mlango wangu umekwenda kazini. Muulizeni huyu." Ananinyooshea mkono. Basi nami nikasimulia. Kwa mgeni wa kwanza nilisimulia nikitazama vidole vya miguu. Kwa wa nne nilikuwa naeleza habari ya punje na vumbi. Kwa wa kumi au zaidi, mzee mmoja aliyetoka Zagayu aliniuliza kama naweza kumtengenezea cha kwake, kikwaruze kinavyotaka. Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Alisema fundi anayejua kazi yake ilipoharibika ndiye anayemtaka, wengine humwachia yeye mwenyewe agundue.

Wiki mbili baadaye nilirudi na kifuniko kipya. Bibi hakuwa ameniruhusu kuvitupa vile vipande vya zamani. Alinifanya nivibebe hadi Bariadi, nivivunjevunje, niviache na punje zake, nivichanganye na mchanga mpya usiochekechwa kupita kiasi, kama yeye anavyoifanyia mitungi iliyokufa. Kwa hiyo aibu yangu imo mle ndani, mwanangu, imeshikana mkono na mchanga wa mto na nondo nne nilizoongeza. Kinakwaruza. Ukikaa na nguo nyepesi utajua umekaa. Nilikilaza juu ya mawe mawili mbele ya watu wote, nikapanda mimi kwanza, peke yangu. Kisha akapanda Masanja, kisha magunia mawili ya mpunga. Bibi akazunguka akigonga kila upande, polepole, kichwa kimeinama. Akaenda tu kuurudisha mlango wake nyumbani.

Sasa nikupe nilichokuitia. Usikipende kitu chako mpaka ukashindwa kukikanyaga. Kama unaogopa kukijaribu, hofu hiyo ndiyo jibu, imeshajua kabla yako, isikilize. Ukiona ufa, useme wakati bado ni wako peke yako. Ukishaupaka unakuwa wa watu wengine, na wengine wao wana miaka minne na wanapenda kuruka. Mficha maradhi kifo humuumbua, na katika kazi yetu kifo chenyewe hakimwendei mfichaji. Usimwage punje kubwa kwa sababu zinakwaruza mkono wa mpita njia. Hizo ndizo zinazobeba. Hata ndani yako wewe, yale mambo magumu uliyopitia ambayo ungependa kuyachekecha yasionekane, yaache kidogo, kigae kilichopita motoni hakishtuki tena. Na ukifanya kazi nzuri, mwalike mtu aigonge, tena mwambie agonge kwa nguvu, usimwache aone aibu.

Wasiwasi wangu haujapona, nisikudanganye kwamba umepona. Bado nausukuma mlango mara tatu. Bado nampigia Bibi Holo simu asubuhi nyingine, nauliza ng'ombe, nauliza wajukuu, halafu nauliza kifuniko. Anatembea na simu hadi kisimani, nasikia ndala zake, anaiinamisha na kugonga ili nisikie mwenyewe. Kisha anasema, "Haya, nenda kazini."

Nenda nawe, mwanangu. Mungu akupe mchanga mkavu na moto wa kiasi. Akupe mzee wa kukushika kanga unapotaka kukimbia. Ulimi wako usikauke siku utakapohitaji kusema neno moja fupi, na kila utakachokiweka chini ya miguu ya mtoto wa mtu, kisikohoe.